Tupeane uzoefu: Lini ulimkuta Mungu nyumbani kwako, katikati ya vyombo na sare za shule?

MamaWaSebuleni (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Shuhuda za viza kutoka na uvimbe kuyeyuka tunazisikia kila wiki, na sizipingi. Leo naomba zile ambazo hazipewi kipaza sauti. Ulikuwa unachambua mchele, unaogesha mtoto, mnazozana na mwenzio nani anunue luku, mara ukajua kabisa kwamba Mungu yumo humo ndani. Wakristo, Waislamu, karibuni nyote. Mahubiri tuyaache, yana nyuzi zake.

Naanza mimi. Oktoba, mwezi wa Rozari, tunasali jioni sebuleni na kila mtoto anatoa nia yake. Yule mdogo, wa chekechea, akaomba: "Tumwombee jogoo wetu asichinjwe Jumapili." Kisu kilikuwa kimeshanolewa! Sote tukaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," na baba yake naye akaitikia. Jumapili tukala dagaa. Mume wangu alisema hawezi kumfundisha mtoto kuomba halafu yeye mwenyewe ndiye awe wa kumkatalia.

BintiPangani
Hahaha, jogoo ana bahati huyo.

Mimi yangu ni ya Ramadhani. Nilikuwa nanyonyesha mapacha, kwa hiyo sikufunga, nilingoja kulipa baadaye. Mume wangu akawa anaamka daku peke yake, anapika uji wake, anaosha masufuria, analoweka nepi, ndipo anaondoka kwenda kuswali Alfajiri. Mama mkwe alikuja kunisaidia uzazi, siku moja akamkuta na beseni. "Mwanangu, umelishwa limbwata?" Akamjibu kwa adabu: "Mama, Bibi Aisha aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Akasema alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika anatoka kwenda kuswali. Hakusema alikuwa amelala." Bibi wa watu akacheka mpaka akaamsha mapacha.

Suratu Rum aya ya 21 niliihifadhi chuoni nikiwa mdogo, ile ya mapenzi na huruma baina ya mume na mke. Nilishazoea kuiona kwenye kadi za harusi. Usiku ule niliisikia ikisomwa kwa sauti ya masufuria.

Kiroboto
Shemeji apewe maua yake. Endeleeni, mimi nasoma tu.

Mmachame
Yangu ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Baba alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikapooza na maneno yakakata. Alikuwa mzee wa kanisa na mwimbaji wa kwaya tangu ujana, mtu wa kuongea mpaka chai inapoa. Sasa akitaka maji anasema "kiti", akitaka kuniita anatoa sauti tu, anaona haya, anageukia ukutani. Mimi na mke wangu tukagawana zamu, maana mgonjwa wa namna ile lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo anapata vidonda vya kulala. Ukweli ni kwamba zamu ya saa tisa usiku haina utakatifu wowote. Una usingizi, mgongo unauma, shuka zimelowa, na mzee ana hasira kwa sababu mwanawe anamfuta.

Usiku mmoja mke wangu alikuwa anamgeuza huku akisali Baba Yetu chini chini, kujiondolea usingizi tu. Alipofika "jina lako" akasita, maana mto ulidondoka. Mzee akamalizia: "litukuzwe." Kisha akaendelea mwenyewe, ufalme wako uje, mpaka amina, bila kukosea neno. Mke wangu akaja kuniamsha anatetemeka. Tukaenda, tukaanza tenzi, mzee akaimba. Besi yake ileile! Watoto nao wakaamka, tukawa kwaya ya kanga na pensi saa tisa usiku.

Asubuhi hakuweza kusema "chai".

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitueleza kwamba si ajabu: maneno ya kujitungia hutegemea sana upande mmoja wa ubongo, na nyimbo au sala za kukariri zinaweza kupita njia nyingine. Wapo waliosema, basi, kumbe si muujiza. Sawa. Mimi nafikiria yule aliyeuumba ubongo akaweka mlango wa nyuma, na bibi yangu aliyemkaririsha baba sala hizo jikoni kwenye moshi, bila kujua zingekuja kutumika lini.

Namba_Saba
Samahani nitaharibu hali ya hewa. Nalea watoto peke yangu, natoka alfajiri narudi usiku. Nasali, lakini humo ndani sijawahi kuhisi chochote. Nasoma hapa nawaonea wivu.

MamaWaSebuleni
Pole sana dada, na hujaharibu kitu, ulichosema ni sehemu ya uzi huu. Soma Zaburi ya 88. Inaishia gizani, haina ile "lakini Bwana akanijibu", na bado imo kwenye Biblia kama sala. Wanaotaka kumwambia dada aongeze imani, naomba wapite kimya.

Namba_Saba
Nimeisoma sasa hivi. Kumbe inaruhusiwa. Asante.

BintiPangani
@Mmachame, mama yangu mdogo ana hali kama ya mzee. Vidonda mlivizuiaje? Na hizo sala, mlikuwa mnamwanzishiaje?

Mmachame
Dada, mwekeni mto katikati ya magoti, visigino visigusane na godoro, na kila mkimgeuza angalieni nyonga, mgongo chini na visigino. Sehemu ikiwa nyekundu na haipoi, msimlaze upande huo, mwambieni nesi mapema. Zamu ziandikeni kwenye karatasi mbandike ukutani, usiku kichwa hakikumbuki.

Kuhusu sala, anza dua au kaswida anayoijua tangu chuoni, kisha acha katikati umsubiri. Usimalizie wewe. Asipojibu leo msimlazimishe, mgeuzeni alale.