Nimeitwa kupiga kamera kipindi cha kunasa wateja wa makahaba Mtwapa. Kisheria niko wapi?

KameraKisauni:
Salaam wakuu. Mimi napiga video za harusi hapa Mombasa. Runinga moja ya mtandaoni imeniita: binti anaandikiana na mwanamume WhatsApp, wanapatana bei, jamaa anakuja gesti Mtwapa. Akishavua viatu tu, mtangazaji anatoka bafuni na maikrofoni: "Mkeo anajua uko hapa?" Mimi nyuma yake, taa usoni mwa mtu. Kodi ya nyumba imenibana na pesa ni nzuri, lakini mkataba unasema "mpiga picha atawajibika kwa picha alizochukua". Jamaa akishtaki, naingia?

Wakili_Tudor:
Unaingia, ndugu yangu. Usitie saini.

Kanuni ya Adhabu yetu inawaandama wanaoishi kwa mapato ya ukahaba na wenye madanguro. Mtu mzima kumlipa mtu mzima ndani ya chumba, haikulitaja kuwa kosa. Sasa tazama upande wenu: nani anapanga bei, nani anakodi chumba? Binti akiwa kahaba kweli, kifungu cha 17 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinamngoja anayeendesha shughuli zake kwa faida: kifungo kisichopungua miaka 5, au faini ya shilingi 500,000, au vyote.

Halafu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023 klabu moja Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja bila idhini yake, na huyo alikuwa anastarehe tu! Hali ya ndoa na jina la mke ni data nyeti kisheria, na swali la mtangazaji linaanzia hapohapo. Kweli, kuna nafuu kwa habari zenye maslahi ya umma. Lakini fundi bomba wa Bamburi aliyeingia gesti, umma una maslahi gani naye?

AbuSalim:
Waaibishwe! Mwenye kujiheshimu hanaswi.

Wakili_Tudor:
AbuSalim, kaka, mwaka 2006 kipindi cha NBC, Marekani, kilichonasa wanaowinda watoto, kosa zito kuliko hili, kilifuatana na polisi hadi nyumbani kwa naibu mwendesha mashtaka huko Terrell, Texas. Akajipiga risasi. Dada yake akaidai NBC dola milioni 105. Jaji alikataa kuitupa kesi, na 2008 wakapatana nje ya mahakama.

DadaRehema:
Mbona hakuna anayemtaja binti? Nafanya kazi na wasichana wa Mtwapa. Nyinyi mkishafunga taa mnapanda gari kurudi mjini, yeye anabaki. Jamaa ana namba yake na anaijua baa anayokaa. Akipigwa, ni nani kati yenu atamsindikiza kituo cha polisi kuandikisha OB, yaani kitabu cha matukio?

KameraKisauni:
Dada, hilo sikuliwaza kabisa. Nimewaandikia sasa hivi: wafute kile kifungu cha mkataba, wasionyeshe sura ya mtu bila idhini ya maandishi, na wanieleze binti atalindwaje. Wamesoma, hawajajibu.

Wakili_Tudor:
Hifadhi ujumbe huo. Na kamera usiitoe mkobani mpaka wajibu.