Pompi ya buluu inaisha kwa wiki mbili, hii bado ni pumu ya kawaida?

Mshonaji wa Majengo (Goma)
Wapendwa, pumu ninayo tangu utoto, lakini tangu mwezi wa saba imegeuka kitu kingine. Pompi ya buluu, ile ya kuvuta mdomoni ya kufungua kifua, ilikuwa inanifikisha miezi mitatu, sasa wiki mbili imekwisha. Saa tisa ya usiku nakaa kitandani, viwiko juu ya magoti, nasikiliza majogoo. Prednisoloni, vidonge vya kutuliza uvimbe wa kifua, nimeshameza mara tatu. Munganga akasema "hii ni pumu kali", akaniandikia beklometasoni, ile ya kahawia. Nimeivuta wiki moja, kifua hakikufunguka, nikaiacha. Vumbi la hapa mnalijua, lile jeusi la volkano: pikipiki ikipita linaingia mpaka ndani ya cherehani.

Muuguzi wa Kadutu (Bukavu)
Pole dada. Ya kahawia haifungui kifua papo hapo. Inatuliza uvimbe wa ndani pole pole, na unaivuta kila siku hata ukijisikia mzima. Pumu kali ni ile inayosumbua hata mgonjwa akitumia dawa hizo kwa dozi kubwa na kuvuta vizuri. Wewe bado hatujui. Wengi ninaowapokea wanapuliza dawa kwenye ulimi! Ili dawa ifike kifuani, chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, kavu, toboa kitako pompi iingie, ziba pembeni kwa sparadra (plasta ya kubandika). Bonyeza mara moja, vuta pumzi tano za taratibu kupitia mdomo wa chupa. Baada ya ya kahawia, sukutua. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, hospitali hapo hapo, usingoje kuche.

Mtoto wa Katuba (Lubumbashi)
Unameza dawa gani nyingine? Mama yangu walimpa propranololi ya presha, kifua kikafunga. Sisi tulikuwa tunailaumu mbabula, jiko la makaa.

Mshonaji wa Majengo
Ndugu, umenishtua. Nimemwaga mkoba wa dawa juu ya meza: propranololi 40, ya kichwa kinachonipasua upande mmoja. Nilianza mwezi wa sita. Hakuna aliyeniuliza.

Muuguzi wa Kadutu
Aa! Hiyo inabana njia za hewa, tena inaziba mlango uleule ambao buluu inapitia. Ndiyo maana unapuliza bure. Usijikatie mwenyewe ghafla: leo hii rudi kwa munganga na pakiti mkononi, mwambie una pumu, akubadilishie.

Mshonaji wa Majengo
Navaa viatu. Chupa nimeshatoboa kwa mkasi wa kazi, sparadra nitanunua njiani.