Ulinganisho: mati gani za sakafu zinafaa jimu ya mtaani hapa Mwanza?

Mdau wa Mkolani

Mwangaluka wakuu. Nimepata chumba Mkolani, nyumba ya chini, sakafu ya saruji iliyopigwa niru, mita 9 kwa 7. Asubuhi watakuja akina mama wa mazoezi ya viungo, jioni vijana wa vyuma, Jumamosi watoto wa judo. Nimeonyeshwa sampuli nne: raba ya rola ya milimita 8, vigae vya raba vya milimita 20, sponji za kufungana kwa meno, na kipande cha mkanda uliokuwa ukibeba mawe mgodini. Muuzaji mmoja anashikilia kwamba sponji chumba kizima inatosha, bei yake ni nafuu na inapendeza. Nahitaji kusikia kutoka kwa waliokaa nazo, hasa utunzaji wake kipindi cha masika.

Kocha Kirumba

Mkuu, sponji chumba kizima hapana. Ile kitu imejaa vipovu vya hewa. Ukiiwekea benchi au raki ya vyuma, vipovu vinabonyea na havirudi tena, unabaki na mashimo. Mbaya zaidi ni kwa anayechuchumaa na chuma begani: mguu unazama, kisigino kinacheza, na goti ndilo linalolipa. Anayebeba uzito anahitaji sakafu iliyokaza.

Kwa watoto wa judo hapo sawa, sponji ndiyo mahali pake. Ila chukua ya milimita 40, maana mtoto anarushwa na kuangukia mgongo. Ya milimita 20 inatosha kunyoosha viungo tu.

Igawe sakafu kwa kazi. Raba ya rola kwa eneo la wazi na mashine, vigae vinene pale vyuma vinapotua, sponji pembeni kwa watoto, ikiwezekana iwe ya kutandika na kutandua ili vijana wa jioni wasiikanyage na viatu.

Fundi wa Nyakato

Kocha kasema vizuri, naongezea hesabu ya mzigo, watu huisahau. Raba hizi zina uzito wa karibu kilo moja kwa kila mita moja ya mraba, kwa kila milimita moja ya unene. Chumba chako ni mita za mraba 63. Ukitandika milimita 8 kote unabeba nusu tani. Kwa hiyo unapopanga bei weka na kirikuu na vijana wa kushusha.

Hesabu hiyohiyo itakusaidia dukani. Muuzaji akikuambia ni milimita 8, pima kipande kwenye mizani. Kikija chepesi sana, ama unene si huo, ama raba imechanganywa na hewa nyingi. Halafu kunja kona moja kwa nguvu na uikwangue kwa ukucha. Raba ya chembechembe za matairi iliyobanwa vizuri haimomonyoki. Ikimwaga punje mkononi dukani, jimuni itamwaga kila siku.

Na uliza bei kwa mita ya mraba pamoja na unene. Bei ya "kipande" inaficha mengi.

Dada wa Nyegezi

Mimi ndiye ninayesimamia usafi kwenye jimu, kwa hiyo naangalia maungio. Vigae vina maungio mengi. Jasho, mchanga na nywele vinaingia humo, na Mwanza mchanga hauishi. Rola ina maungio machache, inadekika haraka. Ningepunguza vigae vibaki pale tu panapotupwa chuma.

Utunzaji wetu uko hivi. Fagia au nyonya vumbi kila siku kabla ya kudeki, kwa sababu mchanga ukilowa unasugua raba kama msasa. Deki kwa maji kidogo yenye sabuni ya maji ya kawaida, dekio limekamuliwa hadi halidondoshi. Maji mengi yanapita chini, yanakaa, yananuka. Raba mpya ideki mara mbili tatu kabla ya kufungua milango, la sivyo soksi za wateja zitakuwa nyeusi.

Msitumie mafuta ya taa, petroli wala ile dawa ya kung'arishia matairi. Mafuta yanalainisha na kuvimbisha raba, na dawa ya matairi inaacha utelezi. Mtu mwenye kilo 80 begani akiteleza hakuna wa kumdaka.

Sponji za watoto zifungueni kila wiki, zifuteni pande zote mbili, zisimame kivulini zikauke. Wanacheza pekupeku, na fangasi za miguu zinapenda unyevu wa kwenye yale meno.

Kocha Kirumba

Dada, na damu? Kwetu kwenye ndondi pua zinatoka damu kila mara.

Dada wa Nyegezi

Vaa glavu, futa kwanza kwa karatasi, kisha klorini. Dawa ya kufulia yenye klorini ya asilimia 3.5 unachanganya kipimo kimoja na maji vipimo sita, unapata asilimia 0.5. Iache dakika 10 halafu ifute kwa maji safi, maana klorini ikizoea kukaa kwenye raba inaikausha na kuipausha. Iwe ya damu tu, si ya kudekia kila siku. Na usiichanganye kamwe na siki. Inatoa gesi inayoumiza mapafu.

Kijana wa Geita

Kuhusu mkanda wa mgodini: huku ninakoishi ninaiona, na ni migumu kweli, inadumu. Lakini ndani ina nyuzi za kitambaa au waya za chuma. Ya waya ikikatwa, ncha zinatokeza pembeni zinachana watu na kupata kutu. Hainesi, kwa hiyo haikingi sakafu wala sahani za vyuma (yale maduara ya uzito) inavyotakiwa, na upande uliosuguliwa na mawe unateleza ukipata vumbi au jasho.

Jambo linalonisumbua zaidi ni ulichobeba mkanda huo. Mawe ya dhahabu mara nyingi huwa na arseniki, na vumbi linajificha kwenye mikwaruzo. Mahali ambapo akina mama watalala chali na watoto watacheza pekupeku, mimi nisingeuweka. Ukitaka lazima, uwe wa kitambaa, uoshwe nje kwa brashi mara kadhaa, na uishie mlangoni kwa kufutia viatu.

Mdau wa Mkolani

Asanteni sana wakuu, na dada ubarikiwe. Mkanda nauacha. Nakwenda na rola sehemu kubwa, vigae kwenye kona ya vyuma, sponji ya milimita 40 kwa watoto. Maswali mawili yamebaki. Nyuma ya nyumba kuna mwamba, masika maji yanatiririka kutoka juu; sakafu itaathirika? Na kona ya vyuma, milimita 20 zinatosha kwa wanaoinua chuma kutoka chini na kukiachia?

Fundi wa Nyakato

Mwamba nyuma ya nyumba ndio kitu cha kwanza ningekishughulikia, kabla hujalipa hata senti ya raba. Chukua karatasi ya nailoni ya sentimita 45 kila upande, ibandike sakafuni kwa selotepu nzito pande zote, uiache kuanzia jioni hadi kesho yake mchana. Fanya sehemu tatu nne, mojawapo karibu na ukuta wa mwambani. Ukikuta matone chini ya nailoni au saruji imekuwa nyeusi, unyevu unapanda kutoka chini, na raba itaufungia humo. Fanya jaribio hilo baada ya mvua, kiangazi litakudanganya. Dawa yake ni mfereji wa kupitisha maji nje, nyuma ya ukuta. Na kama saruji ni mpya, ipe siku 28 kwanza.

Kona ya vyuma, milimita 20 peke yake ni kidogo kwa wanaoachia. Jenga jukwaa: plaiwudi ya milimita 18, futi 8 kwa 4, mbili chini na mbili juu zikikatana. Juu yake katikati plaiwudi moja ya kusimamia, kulia na kushoto vigae vyako pale sahani zinapotua. Mguu unapata sakafu ngumu, chuma kinapata raba, na kishindo kinasambaa badala ya kupiga saruji sehemu moja.

Dada wa Nyegezi

Kama kuna kapeti la plastiki chini, liondoe. Raba nyeusi inaliachia madoa ya kahawia yasiyotoka.

Fundi wa Nyakato

Kweli kabisa. Siku ya kutandika, fungua rola ziache zilale usiku mzima zinyooke ndipo ukate. Kisu kichovye kwenye maji ya sabuni, pitisha mara tatu nne taratibu usilazimishe. Acha nafasi ya milimita 5 hadi 10 ukutani, raba inatanuka kwenye joto na ikikosa pa kwenda inainuka katikati. Gundi usiweke chumba kizima, tumia selotepu ya pande mbili kwenye maungio na mlangoni, ili masika ukitaka kukagua chini uweze kuinua.