Tupeane uzoefu: sindano na uzi vimekusaidia nini? Wana Mtwara na Lindi karibuni

Foronya_Nyeupe (Lindi mjini)

Habari zenu wanajamvi. Leo siulizi bei ya korosho, nataka tuzungumze kufuma. Nasema kufuma kama tunavyosema mtaani, ingawa mwalimu wangu wa Sayansi Kimu angenivuta masikio: kufuma ni kwa krosheti, hiki cha sindano na fremu ni kudarizi. Sawa mwalimu.

Mume wangu alifariki mwaka juzi, nikakaa eda, miezi minne na siku kumi. Wiki za mwanzo nyumba inajaa watu. Baadaye kila mtu na shughuli zake, unabaki wewe na ukuta. Ndipo shangazi akaja na foronya mbili nyeupe, fremu ya mbao na uzi. Hakuniambia vitanituliza. Alisema, "Nimalizie hizi, macho yangu hayaoni tena." Uongo mtupu! Mpaka leo anatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Foronya ya kwanza ilishachorwa kwa penseli: *Lala salama*. Nilipoyasoma yale maneno nikaiweka chini, sikuigusa siku tatu. Siku ya nne nikaanza. Ile L kubwa imebana mpaka kitambaa kimekunjamana, maana nilikuwa navuta uzi kama nagombana na mtu. Kwenye "salama" mkono umeanza kulegea, na ile A ya mwisho imelala vizuri kabisa. Miezi yangu minne iko pale, naisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Sijailalia hata siku moja.

Nyie wenzangu je?

Kofia_ya_Mkono (Mikindani)

Pole sana dada, Mungu amrehemu. Mimi ni mwanamume na nashona kofia. Wa kucheka acheke mapema tuendelee.

Nilifundishwa na babu barazani. Kwa wasioijua kazi hii: kofia ni tabaka mbili za kitambaa cheupe, duara la juu na mkanda wa kuzunguka kichwa. Maua yanatokana na vitobo. Unatoboa, unazungushia uzi kwenye ukingo wa kitobo mpaka kikae wazi, unahamia kingine. Ni mamia ya vitobo. Kofia yenye kazi nyingi inakula miezi, halafu mteja anakuja kukulinganishia na ya mashine ya dukani. Hayo tuyaache.

Mimi sindano iliniachisha sigara. Msije mkadhani nilipata utulivu, wiki tatu za kwanza nilikuwa mkali kama pilipili, hata watoto walinikwepa. Ila hamu ikinijia najiambia, ngoja nimalize kitobo hiki kwanza. Kumbe hamu yenyewe ni ya dakika chache tu, na kitobo nacho ni cha dakika chache. Nikiinua kichwa imeshapita. Tena kitambaa cheupe hakitaki vidole vyenye moshi, kila ukigusa unaacha alama.

Mama_Mkorosho (Newala)

Nawasoma, ila niseme ukweli wangu. Mimi kudarizi kulinitoa machozi.

Nilipewa kazi ya mashuka na foronya za bibi harusi, waridi jekundu kila kona. Nikanunua uzi wa bei rahisi. Umeme ulikuwa wa kukatika, nikakesha na kibatari, baridi ya huku mnaijua, shingo ikakakamaa. Namaliza, nafua ili nipige pasi, uzi ukachuja. Shuka jeupe likawa la pinki! Nililipa mashuka mapya kwa hela ya ada ya mtoto. Tusidanganyane, ukidarizi huku unadaiwa, ni kibarua kama kubangua korosho.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kugusa kitambaa, uzi naulowesha na kuukandamiza kwenye kipande cheupe. Ukiacha rangi, naurudisha dukani. Na karatasi ya kaboni siitaki tena kwenye kitambaa cheupe, wino wake hautoki hata ufue vipi. Nachora kwa penseli, mkono mwepesi.

Ila kuna kitambaa kimoja kisichouzwa. Kina mkorosho wenye majani ya bluu. Mume wangu akauliza, "Umeona wapi mkorosho wa bluu?" Nikamwambia huo ni wangu. Kwenye kazi za wateja kila jani limepangwa na mteja. Pale napanga mimi, na nikiboronga hakuna wa kunidai. Jioni nikikishika nachambua nyuzi mbili tu kutoka zile sita za uzi wa DMC, chapa ya uzi wa kudarizi, natafuta bluu ya siku hiyo. Sasa mkorosho wangu una majani ya bluu za kila namna.

Abiria_Masasi

Mwenzenu nilikwama Somanga, Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara. Basi halisogei, watoto wanalia, kila saa mtu anakuja na uvumi mpya wa maji. Nilikuwa na kitambaa cha kochi kwenye mkoba. Nikaanza mshono wa mnyororo, huo hata gizagiza unaufuata kwa kidole. Mara utingo akasogea, akaomba ajaribu. Kijana wa mabavu yule, ila sindano alivyoishika, utadhani ameshika kifaranga. Alishona herufi ya jina la mama yake kwenye kona. Nilikusudia kuifumua nikifika nyumbani. Bado ipo, na kochi lenyewe ndilo la wageni.

Kofia_ya_Mkono (Mikindani)

😂 Utingo huyo aje Mikindani, nina mikanda ya kofia inamsubiri.

Dada Foronya, ulisema foronya zilikuwa mbili. Ya pili iko wapi?

Foronya_Nyeupe (Lindi mjini)

Ulisoma vizuri kaka. Ya pili imeandikwa *Usiku mwema*. Niliifikisha "Usiku", eda ikaisha, nikarudi dukani kwangu. Shangazi anakuja kuidai kila mwezi, namjibu bado. Iko kabatini ndani ya fremu, sindano imechomekwa pale pale nilipoishia.

Mama_Mkorosho (Newala)

Dada, toa hiyo sindano leo leo! Hewa ya bahari hiyo, itakuachia kutu. Na fremu ilegeze, isije ikaacha duara. "Mwema" utaiandika siku ukitaka.

Foronya_Nyeupe (Lindi mjini)

Nimekwenda kuangalia. Kuna kidoa, kidogo kama punje ya ulezi. Kinatolewa na nini, ndimu?