Nusu jumlisha theluthi inakuwaje 2/5? Naomba ushauri wa kufundisha sehemu

mwl_darasa_la_tano
Walimu wenzangu, salaam. Nafundisha Hisabati Darasa la Tano, na kila nikifika kwenye kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti, wengi huniandikia 1/2 + 1/3 = 2/5, yaani wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Nikiwafundisha kutafuta KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote mbili) wanaifuata siku hiyo, lakini wakitoka likizo wanarudi kulekule. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hakuna anayeshtuka kuona kuwa 2/5 ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Nianzie wapi?

fundi_chaki
Mwalimu, hapo ulipomalizia ndipo pa kuanzia. Mtoto aliyetumwa dukani kuchukua nusu kilo ya sukari asubuhi na robo kilo jioni atakuambia bila kalamu kwamba imenunuliwa robo tatu, kwa sababu anajua kuwa nusu ni robo mbili. Hiyo ndiyo kazi ya KDS, ila hajapewa jina lake. Ningeiweka KDS kando kwa wiki nzima. Kila mwanafunzi achore ukanda wa visanduku 12 kwenye daftari lake la hesabu, apake rangi nusu, ambayo ni visanduku 6, kisha theluthi, ambayo ni 4, naye ataona mwenyewe kwamba vimejaa 10 kati ya 12, yaani 5/6. Chapati ningeziacha, maana duara kuligawa sawasawa kwa tatu huwashinda hata watu wazima.

kokoto_na_chaki
Nakubaliana naye, ila naomba tusilidharau jibu la 2/5. Mchezaji akipiga penalti 2 jana akafunga 1, na leo akapiga 3 akafunga 1, kwa jumla amefunga 2 kati ya 5, na hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Tofauti ni kwamba kwenye penalti kizima kimebadilika kutoka 2 na 3 hadi 5, ilhali kwenye ukanda kizima ni kilekile. Kwa hiyo mimi huwauliza kila mara: nusu ya nini? Swali hilo huwasaidia tena wakifika kwenye uwiano. Zege la 1:2:4 lina ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, na wanafunzi husema saruji ni 1/2 au 1/4. Ni nusu ya mchanga na robo ya kokoto, lakini ni 1/7 ya ndoo zote zilizopimwa. (Msiwaambie kwamba zege litakalopatikana litajaza ndoo 7, kwani mchanga huingia katika nafasi zilizo kati ya kokoto, mtoto wa fundi atawaumbua.)

mwl_darasa_la_tano
Nashukuru sana. Je, 1/3 + 1/5 nitafanyaje, maana visanduku 12 havigawanyiki kwa tano?

fundi_chaki
Usiwape jibu. Waache wabuni wenyewe urefu wa ukanda unaokubali tatu na tano kwa pamoja. Watakaofika 15 na watakaofika 30 wote wako sawa, na ubishi wao juu ya ukanda upi ni mfupi zaidi ndio utakaokufungulia mlango wa KDS.