Wakuu naomba ushauri: FC 26 ni gemu mpya au kiporo kimepashwa moto? Nina banda la gemu Lubumbashi

Mtoto wa Katuba
Wakuu, habari za usiku. Niko Lubumbashi, komini ya Katuba. Nina banda la gemu lenye televisheni nne: PS3 tatu, na PS4 moja ambayo feni yake inalia kama mashine ya kusaga mahindi. Vijana wanalipa franka mia tano kwa mechi. Siku umeme ukiwepo napata cha kula na cha kuweka. Ukikatika nakaa mlangoni nahesabu pikipiki.

Shida yangu ni hii. Tangu FC 26, ile gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa FIFA, itoke Septemba 2025, kila mtoto akiingia anauliza, "Yaya, iko ya mupya?" Nikimwambia kuna FIFA 19 kwenye PS3 na FC 24 kwenye PS4, anainamisha kichwa kama nimemwambia bukari (ugali) imeisha. Mimi nacheza hizi gemu tangu FIFA 10, na huo upya siuoni. Menyu imebadilishwa rangi, jezi ni za msimu huu, fulani amehama timu. Kipa bado anatema mpira miguuni mwa mshambuliaji.

Nina dola 310. Zinatosha PS4 ya mtumba kutoka upande wa Zambia pamoja na diski. Je, ni akili kutoa feza yote hiyo kwa kitu wanachokipasha moto kila mwaka? Naomba majibu kabla ya Jumamosi.

Mzee wa Pedi Moja
Kijana umenirudisha mbali sana. Mbeya, 2007, PES 6, ile gemu ya mpira ya Konami, kwenye PS2, banda la mbao, nje mvua. Adriano wa Inter ukimpa mpira kwenye mguu wa kushoto, kipa anaanza kusali. Tuliicheza mpaka diski ikawa na mikwaruzo kama uso wa paka mgomvi. Baadaye akaja jamaa anauza "PES 2009". Tukachanga, tukanunua, tukaweka. PES 6 ileile! Kabandika karatasi tu. Na tukaicheza. Mmoja wetu sasa ni daktari.

Kilo Mbili
Mnawafundisha watoto uvivu. Hayo mabanda ndiyo yanayowatorosha shuleni, saa nne asubuhi unawakuta na sare. Uza hizo mashine, nunua cherehani.

Mtoto wa Katuba
Mzee wangu shikamoo. Ndugu Kilo Mbili, mwenye sare simfungulii kabla ya saa saba. Narudi kwenye swali langu.

Mhunzi wa Nambari
Swali lako ni zuri, na ugonjwa hauko kwenye mpira peke yake. Call of Duty, ile gemu ya vita, inatoka kila mwaka tangu 2005. Ile Modern Warfare III ya 2023 ilizinduliwa na ramani 16 za kupambana, zote zimetolewa kwenye gemu yao ya 2009. Zote! Assassin's Creed nayo ilikuwa ya kila mwaka, na Unity ya 2014 ikatoka na kasoro za kutisha. 2016 wakalaza shamba, 2017 wakarudi na Origins, na watu wakaona tofauti.

Ila kurudia kitu si lazima iwe dhambi. Zelda ya 2023 imejengwa juu ya nchi ileile ya Zelda ya 2017, milima ileile, na sikusikia watu wakilia kiporo, kwa sababu safari hii unaunganisha mbao na magurudumu unatengeneza gari lako mwenyewe, na kuna mbingu juu na mapango chini. Wale wa Yakuza wanatuzungusha kwenye mitaa ileile ya Kamurocho tangu 2005. Mimi nikirudi pale najisikia nimefika kwetu, naenda moja kwa moja kwenye duka la tambi.

Sasa mpira. Sheria hazibadiliki, mwaka mmoja hautoshi kujenga gemu upya, na hela kubwa wanaipata kwenye zile pakiti za kadi za wachezaji zinazouzwa ndani ya gemu, Ultimate Team, kwa hiyo nguvu wanaipeleka huko. Bandani kwako nani anafika huko? Watu wawili wanachagua Real na City, dakika sita, kwisha. Na aliyejaribu kuanza upya aliungua: Konami 2021 waliitupa PES, wakaleta eFootball ya bure, nyuso za wachezaji zikawa za kutisha watoto, wakaishia kuomba radhi.

Nikupe moja ya kuchekesha. FIFA 20 ya mashine ya Nintendo Switch, EA wenye gemu walisema wenyewe kwamba uchezaji ni wa ile ya 19, kilichoongezwa ni vikosi na jezi. Wakaiita Legacy Edition. Wakaendelea hivyo mpaka FIFA 23.

Mtoto wa Katuba
Mkuu Mhunzi, Mungu akubariki. Hiyo ya Switch ndiyo nilikuwa naitafuta! Kwa hiyo ukibadilisha vikosi na jezi, ni gemu mpya kihalali?

Shangazi Mdadisi
Mwanangu, hebu kwanza. Jumamosi kuna nini?

Mtoto wa Katuba
Shikamoo shangazi. Hakuna kitu kikubwa, ni mashindano madogo tu ya vijana.

Shangazi Mdadisi
Marahaba. Mashindano ya gemu gani?

Mwananchi Damu
Samahani kutoka nje ya mada. Mayele, yule wetu wa zamani wa Yanga aliyekuwa akifunga anatetema, yumo kwenye hiyo mpya?

Shangazi Mdadisi
Bado nangoja. Ya gemu gani?

Mtoto wa Katuba
Ya FC 26.

Nieleze yote basi. Wiki tatu zilizopita nilimlipa mchoraji akanichorea kibao cha bati: mpira, kikombe, na "FC 26" kwa rangi ya njano. Nilijua mpaka siku hiyo nitakuwa nimeshainunua. Vijana 40 wamejiandikisha, kila mmoja ametoa franka elfu tano. Mshindi anachukua laki moja. Kisha jenereta ikaharibika, nikaitengeneza kwa sehemu ya feza hiyo. Iliyobaki imo ndani ya zile dola 310.

Na kuna fundi mjini anayeweza kuingia ndani ya FIFA 19 ya PS3 akabadilisha majina, jezi na vikosi vyote vikawa vya msimu huu, na kwenye menyu akaandika FC 26. Nimeshampa dola 25 na PS3 mbili.

Ukoko
Ahaaa! Kumbe mpishi ni wewe.

Shangazi Mdadisi
Nilijua. Mtu hawezi kuomba ushauri wa gemu kwa kuhema namna ile. Mwanangu, hukuuliza kama gemu ni kiporo. Umeuliza kama watoto watagundua.

Mtoto wa Katuba
Shangazi, usinihukumu haraka. Kampuni ya mabilioni ikibadilisha jezi inaitwa toleo jipya. Mimi wa Katuba nikibadilisha jezi naitwa mwizi? Niliyofanya mimi ni yaleyale ya Switch. Tena mimi vikosi vyangu vitakuwa sahihi, fundi ameniahidi mpaka waliohama wiki iliyopita.

Mhunzi wa Nambari
Usinitumie mimi kama wakili wako. Wale walisema waziwazi. Hata Konami kabla ya ile aibu: PES 2021 waliita Season Update, wakatangaza kwamba ni ya 2020 yenye vikosi vipya, na bei wakaishusha. Wewe kibao chako kinasema nini? Na bei umeshusha?

Mtoto wa Katuba
Kibao kinasema FC 26. Lakini vikosi ni vya 26.

Ukoko
Ndugu yangu, kiporo kikipashwa vizuri kinaushinda wali wa leo, mimi mwenyewe ni shabiki. Ila usimwambie mgeni umepika sasa hivi wakati sufuria anaiona.

Jirani wa Kenya
Yaya, mi niko Kenya, kile kibao nimekiona. Mpira wenyewe amechora kama limao.

Kisumu Ndogo
Uko Kenya na umeona kibao cha Lubumbashi? Buda, unavuka mipaka mingapi kwenda kucheza gemu?

Jirani wa Kenya
Kenya ya huku! Ni komini, iko jirani na Katuba. Natembea kwa miguu.

Kisumu Ndogo
Sijawahi kujua tuna tawi.

Tindo
Wakuu mnapoteza muda. Hii ni chai, stori ya kutunga, tena haina sukari. Uzi huu niliusoma hapahapa mwaka juzi. Banda la gemu, fundi wa kubadilisha vikosi, mashindano, feza za watoto. Tofauti ni kwamba ulikuwa Bukavu na gemu ilikuwa PES. Jamaa amebadilisha mji na jezi, anatuuzia upya. Uzi wenyewe ni Legacy Edition!

Halafu hesabu. Mashindano ya mtoano ya watu 40 yanapangwaje? Mwenye banda la kweli angechukua 32 akafunga daftari.

Kilo Mbili
Nilisema tangu mwanzo.

Ukoko
Ulisema cherehani.

Mzee wa Pedi Moja
Hata kama ni chai mimi nakunywa. Leteni na maandazi.

Mtoto wa Katuba
Tindo, sina sababu ya kutunga. Makundi nane ya watu watano, wawili wa juu wanapita, wanabaki 16. Njo vile tunavyocheza huku. Daftari liko hapa mbele yangu, ukurasa wa tatu una doa la mafuta kwa sababu mama aliliwekea sahani ya kapenta. Namba 17 ni mtoto wa muuza makaa. Alilipa kwa noti hamsini za mia mia, zimelegea kama kitambaa, na alizihesabu mwenyewe mara mbili mbele yangu kwa sababu aliogopa nitasema zimepungua. Unafikiri hiyo nimeitunga?

Tindo
Hiyo ya noti ni nzuri. Watunzi wazuri huweka noti.

Mwana wa Ziwa
Nimeitwa? Uzi wa Bukavu ulikuwa wangu. Si huyu. Na naomba msinichanganye naye, mimi nilikuwa na banda Kadutu, sikuwa na kibao wala mchoraji, nilitangaza kwa mdomo.

Tindo, mabanda yote ya huku yana hadithi hii, kwa sababu PS3 zimejaa na FIFA 19 ndiyo ya mwisho waliyoitengenezea. Baada ya hapo ama una dola za kununua mashine nyingine, ama una fundi.

Mtoto wa Katuba, nikuambie kilichonikuta. Fundi wangu alibadilisha kila kitu kinachoonekana. Hakubadilisha kinachosikika. Vijana walikaa, menyu ikafunguka, na kabla hata ya kuchagua timu mmoja akasema, "Huu wimbo ni wa ile ya zamani." Kisha mechi ikaanza, mchezaji ana jina jipya mgongoni, na mtangazaji wa Kifaransa anamwita kwa jina la mtu aliyestaafu. Hawakunipiga. Hawakudai hata feza. Walicheza mpaka mwisho wananiangalia kwa pembeni. Wiki iliyofuata walikuwa kwa jirani yangu, na jirani yangu hana hata feni.

Shangazi Mdadisi
Pole baba. Hilo la kutokudai ndilo baya zaidi.

Mtoto wa Katuba
Wimbo sikuufikiria kabisa.

Lakini Mwana wa Ziwa, wewe hukuwa na jenereta. Mimi nikizima sauti ya televisheni na kufungulia redio yangu…

Mhunzi wa Nambari
Jamani.

Kisumu Ndogo
Huyu akiajiriwa na hizo kampuni atapanda cheo haraka sana.

Mhunzi wa Nambari
Nikupe hesabu ya kiume halafu nikalale. FC 26 ipo ya PS4, na PS4 unayo. Usinunue mashine ya pili. Nunua diski peke yake, safisha ile feni, chezesha nusu fainali na fainali kwenye hiyo moja. Makundi chezesha kwenye FIFA 19, na uwaambie. Asiyetaka, mrudishie elfu tano zake.

Mtoto wa Katuba
Ni wazo. Ila yule wa Zambia nimeshamwambia anishikie mashine. Ananipigia simu kila asubuhi.

Shangazi Mdadisi
Umemwambia lini?

Mtoto wa Katuba
Kabla sijaanzisha uzi.

Ukoko
😂😂😂

Mwananchi Damu
Bado sijajibiwa. Mayele yumo?

Tindo
Jumamosi imefika. Yuko wapi mtunzi wetu?

Mtoto wa Katuba
Niko hapa, umeme umerudi sasa hivi. Mchana tumecheza makundi manne, mengine ni kesho. Nimebandika karatasi kwenye kibao: "FIFA 19, vikosi vipya. Fainali kwenye FC 26." Diski nimenunua. Wa Zambia nimemwambia asubiri, amekasirika.

Shangazi Mdadisi
Vizuri sana mwanangu. Hiyo karatasi ina ukubwa gani?

Mtoto wa Katuba
Ya kiasi.

Jirani wa Kenya
Nimepita pale. Ni kama kiganja. Iko chini ya kikombe, nyuma ya msumari.

Mtoto wa Katuba
Ila wameiona! Sita wamechukua feza zao, wengine wamecheka wakakaa. Namba 17 ameshinda mechi tatu, haachi maneti (pedi) hata kwenda kunywa maji. Na mkuu Mwananchi, samahani kwa kuchelewa: Mayele yumo. Fundi amemtia kwa ombi la vijana, na jezi ya Pyramids. Anafunga vizuri tu. Lakini akifunga hatetemi. Anakimbia kwenye kona, anapiga magoti, anabusu pete, kama yule mwenye mwili kabla yake.

Mwananchi Damu
Hatetemi?

Rudisha hela za watoto.