Fundi anasema ardhi ni ngumu: je, bado nipime udongo kabla ya kuchimba msingi?

Mjenzi Mgeni
Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninakusudia kujenga nyumba ya ghorofa moja kwenye kiwanja chenye mteremko mdogo. Fundi wangu alipiga sururu mahali patatu, ikadunda, akasema ardhi ni ngumu na kwamba wiki ijayo tuchimbe msingi kwa vipimo vilevile alivyotumia kwenye nyumba ya jirani. Ningekubali bila maswali, lakini mambo mawili yananinyima utulivu. Nyumba hiyo ya jirani ina nyufa zinazoanzia kwenye pembe za madirisha na kushuka kama ngazi kwa kufuata viungo vya matofali, na mwenyewe anasema kwamba hupanuka wakati wa ukame, kisha mvua zikikolea hukaribia kujifunga. Tena, pembe ya chini ya kiwanja changu imeota matete, ilhali kwingine kote ni nyasi kavu. Je, nyumba ya ukubwa huu inahitaji upimaji wa udongo, na kama inahitaji, nichimbe mashimo mangapi na ya kina gani? Sipendi kumvunjia heshima mtu aliyeanza kujenga kabla sijajua hata kushika mwiko.

Mhandisi wa Misingi
Ndugu mleta mada, sururu haikusema uongo, ila ilisema habari za tabaka la juu tu, tena wakati wa ukame. Udongo wa mfinyanzi uliokauka huwa mgumu kama tofali, na huohuo ukilowa hubonyea kwa kidole. Nyufa zinazofuata majira namna hiyo zinanifanya nishuku udongo unaovimba na kusinyaa, nayo matete yanaonyesha kwamba maji hayako mbali. Usinakili vipimo vya msingi ambao tayari unalalamika.

Kuhusu kina, kumbuka kwamba mzigo wa nyumba hauishii pale zege linapoishia. Chini ya kitako cha mraba (sehemu pana ya chini ya msingi) chenye upana wa mita 1.5, ukishuka mita 3, yaani mara mbili ya upana, bado utakuta takriban sehemu moja ya kumi ya shinikizo la juu, na vitako vikikaribiana mashinikizo yao huungana na kwenda chini zaidi. Oktoba 1913, ghala la nafaka la Transcona, karibu na Winnipeg nchini Kanada, liliinama wakati likijazwa, na katika muda wa siku moja hivi likafikia mwinamo wa karibu nyuzi 27. Wajenzi wake walikuwa wamejaribu udongo kwa kuupakia mzigo, lakini walifanya hivyo juu ya mfinyanzi mgumu, na jaribio lao dogo halikufika kwenye mfinyanzi laini uliokuwa chini yake. Wewe pia una tabaka gumu juu, na hujui lililo chini.

Kwa kuanzia, chimba mashimo matatu au manne ndani ya eneo la nyumba, mojawapo likiwa upande wa matete. Yakionyesha udongo laini au unaobadilikabadilika, itisha mtambo wa kuchoronga. Hapo nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka milimita 760 ili kuupigilia mrija udongoni, na mapigo huhesabiwa kwa kila milimita 150 unazoshuka. Hesabu ya milimita 150 za kwanza huachwa kwa sababu sehemu hiyo imevurugwa na uchimbaji, kisha mbili zinazofuata hujumlishwa; mapigo yakiwa machache, udongo ni laini.

Fundi Mkongwe
Nimejenga nyumba nyingi bila maabara na zimesimama, kwa hiyo sikubali kwamba macho ya fundi hayana thamani. Hata hivyo, kwa nyufa alizozieleza mleta mada, nami ningesimamisha kazi. Nyongeza yangu ni moja: asishuke mtu kwenye shimo refu ambalo kuta zake hazijaegemezwa kwa mbao, na udongo uliotolewa urundikwe mbali na ukingo. Kuta za shimo huporomoka bila kutoa taarifa.

Mpimaji wa Maabara
Sampuli nyingi hufika kwetu zikiwa zimeharibika. Fungasha udongo mara tu unapotoka shimoni, kwenye mfuko usiopitisha hewa, na uandike namba ya shimo na kina, kwa maana mfinyanzi ulioachwa juani hauwezi tena kutueleza ulikuwa na maji kiasi gani. Omba vipimo vya kiwango cha maji ambacho udongo huanza kutiririka na kile ambacho huacha kufinyangika. Tofauti kati ya viwango hivyo ikiwa kubwa, tarajia uvimbaji. Hapo shimoni unaweza kufanya jaribio dogo: viringisha donge lenye unyevu kwenye kiganja hadi liwe uzi wa milimita 3. Likikubali bila kukatika, una mfinyanzi mkononi. Kichanga kitamomonyoka kabla hujafika huko.

Mjenzi Mgeni
Nawashukuru nyote. Mashimo matatu ya juu yametoa mfinyanzi wa kijivu uliokoza, nao umekubali kuwa uzi bila shida. Shimo la upande wa matete ndilo lililonishangaza: kwenye mita 1.6 tumetoa vipande vya vigae na mfuko wa plastiki, na asubuhi iliyofuata maji yalikuwa yamejaa hadi magotini. Fundi mwenyewe ndiye aliyeuvuta ule mfuko, akaniambia nisubiri kwanza.

Mhandisi wa Misingi
Hicho ni kifusi, ndugu yangu. Mtu alifukia shimo au bonde dogo hapo zamani. Nusu ya nyumba ikikalia kifusi na nusu ikikalia udongo wa asili, pande hizo zitatitia kwa viwango tofauti, na ukuta utapasuka penye mpaka. Pima mpaka wa kifusi kwa mashimo mengine mawili kabla mchoro haujakamilika, maana huenda kuisogeza nyumba mita chache kuelekea juu kukawa rahisi kuliko msingi wowote nitakaokuchorea. Ule mfinyanzi wa kijivu upeleke maabara hata ukihama, kwa sababu huko juu pia unakungoja.

Mjenzi Mgeni
Sampuli zimeondoka leo asubuhi, na kamba za msingi tumezing'oa.